Kuvuka kwenda Pemba Wakati wa Kusi

Katika likizo ya katikati ya mwaka, mwezi wa Julai, twalivuka bahari kutoka Unguja kwenda Pemba pamoja na rafiki yetu, mwalimu mwenzetu wa miaka mingi. Hatukuwa na shughuli yo yote ila kutembea, kutazama mashamba ya karafuu na kula samaki. Hivyo ndivyo tulivyodhani. Rafiki yetu alikuwa na shughuli yake, lakini alikuwa hajatuambia.

Saa moja asubuhi tulikuwa bandarini Malindi. Wachukuzi walipita mbio na magodoro, mabeseni na magunia vichwani, na kila mtu alipiga kelele kana kwamba boti lingeondoka bila yeye. Rafiki yetu alisimama kando ya daraja la kupandia, midomo ikichezacheza pasipo sauti. Tulipomtazama sana tukatambua ya kuwa alikuwa akihesabu watu.

"Mwalimu, wahesabu nini?"

Akajibu, "Mazoea ya darasani tu, ndugu yangu."

Tulipokwisha kupanda hakuketi upesi. Alisoma kibao kilichopigiliwa ukutani chenye idadi ya abiria walioruhusiwa, akamwuliza baharia majaketi ya kujiokolea yalipo, akaenda kuyaona kwa macho yake. Sisi twalicheka kidogo, tukafungua karatasi ya chapati na maharage tuliyonunua sokoni, tukala kwa raha. Mama mmoja mzee wa Kipemba, aliyeketi karibu nasi na kuku wawili ndani ya tenga, alitutazama kwa huruma.

"Wanangu, hicho chakula mngekiweka mpaka Mkoani."

Twalimshukuru, na chapati tukaimaliza. Laiti tungalimsikia!

Saa ya kwanza ya safari ilikuwa njema kabisa. Kisiwa cha Changuu kilipita, kisha pwani ya Mangapwani, kisha Tumbatu, kisiwa ambacho watu wake wana sifa ya ubaharia tangu zamani. Bahari ilikuwa imetulia, watoto walikimbia katikati ya viti, na kijana mmoja alikuwa akiwahadithia wenzake kwamba yeye hajapata kulevywa na bahari tangu kuzaliwa.

Yafaa tueleze jambo hili kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu wakaao bara. Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi; kusi huanza karibu na Aprili, hupata nguvu zake miezi ya Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea. Mkondo wa bahari nao huelekea kaskazini, na kusi ikivuma huuongezea kasi. Chombo kitokacho mjini Unguja kwenda Pemba hupita upande wa magharibi wa kisiwa, na kisiwa chenyewe hukikinga kama ukuta. Lakini ukuta huo una mwisho wake, nao ni Ras Nungwi. Ukiisha kuipita, mbele yako zimebaki kama kilomita 50 za bahari tupu hata Pemba, na mawimbi ya Bahari ya Hindi hayana tena kitu cha kuyazuia. Huja ubavuni mwa chombo.

Nasi yalitujia. Wimbi la kwanza liliinua upande wa kuume, likauacha uanguke, na vikombe vyote vilivyokuwa juu ya meza vikafika sakafuni kwa pamoja. Watu wakacheka. Wimbi la pili na la tatu hawakucheka mtu. Kila siku twasema habari ya mambo yaendayo mrama, mipango imekwenda mrama, biashara imekwenda mrama. Lakini mrama ni neno la baharini, na mtu asiyepita Nungwi katika mwezi wa Julai huenda akalisema maisha yake yote asijue asili yake. Chombo hulala ubavu huu, kikasita kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha kikalalia ubavu wa pili. Kuku wa yule mama walinyamaza. Mabaharia wakapita wakigawa mifuko, bila kusema neno, kwa kuwa walijua kila mtu ataelewa kazi yake. Yule kijana mwenye hadithi alikuwa wa kwanza kuitumia. Sisi tulikuwa wa tatu au wa nne, na habari za chapati zile hatutaziandika hapa.

Waganga wa kisasa waeleza ugonjwa huu hivi. Ndani ya sikio la mwanadamu mna vifereji vidogo vyenye maji, na maji hayo humwarifu kichwani kama amesimama, ameinama au ayumba. Sasa mtu akiketi ndani ya boti, macho yaona kiti na ukuta, vitu visivyosogea mbele yake, sikio lasema, "Twayumba," jicho lasema, "Hapana, tumetulia." Ubongo hupata ushahidi wa namna mbili, na tumbo ndilo lilipalo faini. Kwa hiyo dawa iliyo bora ni kuyapa macho kitu cha kweli cha kutazama, yaani ule mstari wa mbali ambapo mbingu na bahari hukutana, na kuketi katikati ya chombo, ambapo mtikisiko ni mdogo. Wako wanaotafuna tangawizi. Vidonge vipo pia, walakini humezwa kabla ya safari. Tumbo likiisha kuchafuka, huvitupa pamoja na vingine.

Mama yule hakuwa na haja ya habari za masikio. Alitupa ndimu tuinuse, akasema, "Tokeni nje, wanangu, mtazame mbali. Msitazame miguu yenu."

Twalitoka, tukishikilia vyuma, mpaka shetrini. Hapo tulimkuta rafiki yetu. Hakuwa ametapika wala uso wake haukubadilika. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili akitazama nyuma, upande wa Nungwi, ambapo ardhi ilikuwa imebaki kama uzi mwembamba.

Tukamwuliza kama haogopi. Akakaa kimya kwa muda wa mawimbi mawili.

"Hapa ndipo," akasema. "Mdogo wangu alikuwamo."

Hatukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana. Wengine wengi hawakuonekana tena, na mdogo wa rafiki yetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana mwalimu, mwaka wake wa pili wa kazi, akirudi shuleni kwake Pemba. Haya yote tuliyajua, kwa maana tulikuwa pamoja katika matanga yaliyowekwa bila maiti. Tusilolijua ni kwamba tangu siku ile rafiki yetu hakupata kupanda chombo cho chote cha kwenda Pemba, wala kuiona shule aliyofundisha ndugu yake. Alipotuomba tumsindikize likizo alitaja karafuu na samaki tu.

Tulitaka kumwambia neno la kumtuliza, lakini yeye ndiye aliyetutuliza sisi.

"Mawimbi haya mimi siyaogopi," akasema. "Yanatusukasuka, basi. Meli ile haikuzamishwa na kichefuchefu cha abiria. Uchunguzi ulisema ilipakia watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Leo asubuhi niliwahesabu wote, na watoto wa mgongoni pia. Hatukufika ile hesabu ya ukutani. Kama tungeizidi, hata kwa mtu mmoja, ningekushika mkono tukashuka, ungalinicheka usingalinicheka."

Tukakumbuka jinsi tulivyomcheka gatini, tukaona haya. Tena tukakumbuka mara ngapi tumejibana katika vyombo vya pwani hii, wa sita katika kiti cha wanne, tukimshukuru nahodha kwa wema wa kutukubali.

Tukasimama naye pale hata kisiwa cha Pemba kilipoanza kutukinga. Mtikisiko ukapungua kidogo kidogo, watu wakaanza kuzungumza tena, kwanza kwa sauti ndogo, na kijana yule akaeleza ya kwamba alikula samaki mbovu jana usiku.

Mkoani tulishuka na miguu isiyoamini ardhi. Gati lilikuwa likiyumba, au sisi. Karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia, na harufu yake ilitutengeneza kuliko ndimu. Upepo ulifanya mengi katika visiwa hivi: tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na hata leo karafuu nyingi za Zanzibar zatoka huko.

Kesho yake tulikwenda shuleni. Ilikuwa imefungwa kwa likizo, lakini mlinzi alipolisikia jina aliacha ufagio wake, akatuongoza bila kuuliza mpaka darasa la mwisho, akafungua madirisha. Ukutani palikuwa na ramani ya Afrika ya Mashariki iliyochorwa kwa rangi, imefifia sana, na chokaa imebanduka upande wa Ziwa Nyasa. Mlinzi akasema, "Hii ni kazi yake Mwalimu. Ukuta huu umepakwa chokaa mara mbili, na mara mbili walimu wamekataa usiguswe hapa."

Rafiki yetu aliisogelea. Miji iliandikwa kwa herufi zilezile zilizokuwa katika barua alizotuonyesha zamani, na kisiwa cha Pemba kilikuwa kimechorwa kikubwa kuliko Unguja, karibu kuipita Mafia na Unguja zikiunganishwa pamoja. Aliiweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akaitazama ramani ile kwa kitambo kirefu. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Jiografia hakuijua hata kidogo," akasema.

Akamgeukia mlinzi akamwuliza duka la rangi lililo karibu liko wapi. Siku nne zilizobaki za likizo yetu tulizitumia mle darasani, yeye juu ya meza na brashi, sisi chini tukimshikia kopo. Ziwa Nyasa alilichora upya. Pemba aliiacha vilevile, akaikolezea rangi tu.