Je, wajua? Msumari unatosha kutia ngozi nakshi

Fundi wa ngozi wa Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, au wa Walikale msituni, hana haja ya kuagiza mihuri ya nakshi ng'ambo. Msumari mnene hukatwa ncha, ukasawazishwa kwa tupa, kisha ukachongwa mistari au nyota kwa tupa ya pembetatu. Wapo watakaosema chuma chake ni laini mno. Kwa jiwe, sawa. Lakini ngozi iliyoloweshwa kidogo hupokea alama kwa pigo la nyundo ya mbao, na ikikauka huishika, mradi ilitengenezwa kwa magome ya miti, maana ile iliyotengenezwa kwa kromu hujirudi. Hofu yenye uzito ni doa: chuma kikigusa ngozi hiyo yenye unyevu, tanini ya magome hufanya weusi usiotoka kirahisi, kwa hiyo uso wa muhuri hung'arishwa na kufutwa kila mara.