Je, Wajua? Kamera Katika Nchi ya Barafu

Hebu sikia hii: kuna filamu iliyolala barafuni miaka 33, kisha ikatoa picha! Julai 1897 Waswidi watatu walipaa kwa puto kutoka visiwa vya Svalbard, safari ya Ncha ya Kaskazini. Hazikutimia hata siku tatu, puto likashuka. Wakashika njia kwa miguu juu ya barafu, wasirudi tena. Mabaki yao yalionekana mwaka 1930 katika kisiwa cha Kvitøya, na filamu zao pia. Fundi wa Stockholm, John Hertzberg, akazisafisha: picha 93 zikatoka. Katika moja, wanaume wawili wamesimama wakilitazama puto lao limelala ubavu. Aliyewapiga picha ni mwenzao Nils Strindberg, kijana wa miaka 24.

Na picha hudanganya, wajua? Mwaka 1906 Mmarekani Frederick Cook alidai kafika kileleni Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, na ushahidi akautoa: picha ya mwenzake kashika bendera. Mwaka 1910 wapandaji wengine wakakifuata kilele kile cha pichani. Wakakikuta kilomita 30 hivi kutoka kilele chenyewe! Hadi leo kinaitwa Kilele Bandia.

Itazame picha ya Aprili 1909, ambayo Robert Peary alisema ni ya Ncha ya Kaskazini. Watu watano, bendera tano. Mtafute Mzungu humo... hayumo! Wanne ni Wainuit, wenyeji wa nchi hizo za barafu; wa tano ni Matthew Henson, Mmarekani Mweusi. Peary alikuwa nyuma ya kamera.

Unavuta sigara? Basi hii ni yako. Mwaka 1916 Robert Flaherty aliangusha sigara juu ya filamu alizopiga kwa Wainuit wa Kanada. Futi 30,000 zikateketea. Akarudi kaskazini, akatengeneza filamu ya *Nanook of the North* ya mwaka 1922. Kumbe nyumba ya theluji ya Wainuit hao ilikuwa na giza, na kamera haikuenea ndani, basi ikajengwa kubwa yenye upande mmoja wazi. Ukiwaona wanavua nguo walale, ujue baridi ya nje inawapiga!

Rangi je? Kabla ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky alipiga picha za rangi hadi kwenye Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi. Alipiga mara tatu mfululizo: kwa kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu. Picha hizo tatu zilipounganishwa, aliyetikisika akageuka upinde wa mvua.

Na Wainuit wenyewe, walishika kamera? Peter Pitseolak wa Kisiwa cha Baffin alisafisha picha zake ndani ya nyumba ya theluji, akiwasha tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Picha yake ya kwanza kabisa, miaka ya 1930, alimpigia Mzungu mmoja. Mzungu huyo, mwenye kamera, alikuwa anaogopa kumsogelea dubu!