Je, Wajua? Tagi ya Mvuke Iliyochapa Kazi Tangu 1896 Hadi 1981

Tagi ni boti fupi yenye nguvu nyingi, kazi yake kuvuta na kusukuma meli bandarini. Leo tukutane na Edna G., bingwa wa bandari ya Two Harbors, Minnesota, Marekani.

Makaa ya mawe katika enzi za anga
Edna G. iliundwa Cleveland mwaka 1896 na kustaafu 1981, mwaka uleule chombo cha anga za juu Columbia kiliporuka kwa mara ya kwanza. Hadi hapo wachochezi wake walikuwa bado wanatia makaa ya mawe kwenye tanuri! Ndiyo iliyokuwa tagi ya mwisho ya mvuke ya makaa ya mawe kufanya kazi katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini.

Ilikuwa mali ya kampuni ya reli
Treni za kampuni hiyo, Duluth and Iron Range, zilishusha mawe ya chuma kutoka migodini hadi gatini, na meli zikayapokea. Rais wa kampuni hiyo aliipa tagi jina la binti yake, Edna Greatsinger.

Meli ikienda polepole, haiusikii usukani
Usukani hufanya kazi pale maji yanapoupita kwa kasi. Meli inayokaribia gati hupunguza mwendo, na hapo ndipo jitu la chuma linapomhitaji mdogo wake. Edna G. ina urefu wa mita 33 hivi tu, karibu sawa na mabasi matatu ya mikoani yaliyofuatana.

Ziwa lake linalishinda Victoria
Ziwa Superior lina kilomita za mraba 82,000 hivi. Victoria, la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, lina takriban 68,800. Na Superior huganda! Edna G. ilivunja barafu pia, ili meli zipate njia.

Iliwafuata manusura jabalini
Novemba 1905 dhoruba kali iliibamiza tishari Madeira kwenye jabali. Baharia Fred Benson aliruka na kamba, akaparamia mwamba na kuwavuta wenzake. Watu 9 kati ya 10 walipona, na Edna G. ndiyo iliyokwenda kuwachukua.

Kisumu nako kulikuwa na yake
Tagi Kavirondo iliundwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapanda treni na kuungwa upya Kisumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilifungwa silaha, na Wajerumani wa Mwanza nao wakaitia silaha tagi yao, Muansa. Edna G. yenyewe ilipelekwa pwani ya Virginia wakati wa vita hivyo.

Kilichoistaafisha ni pangaboi
Meli mpya za mawe ya chuma zilikuja na pangaboi za kusukuma meli upande kwa upande, zikaweza kujisogeza gatini zenyewe. Edna G. ikawa makumbusho.

Lakini tagi hazijaisha. Dar es Salaam na Mombasa bado zinazitegemea, ila sasa tagi hutumia dizeli. Ukiona meli kubwa inaingia bandarini, usiishie kuitazama yenyewe; itafute na ile boti ndogo iliyo ubavuni, maana kazi ngumu iko huko.