GARI LIMETOKA KWA FUNDI, NA SASA LIMEKATAA KUWAKA



Kikundi chenye gari la dizeli kitakutana na jambo hili siku moja. Gari lilipelekwa kwa fundi likiwa linawaka. Labda lilikuwa linatoa moshi, labda lilikosa nguvu mlimani, lakini kuwaka lilikuwa linawaka. Likafunguliwa, likafungwa, pesa zikalipwa, na sasa stata inazunguka tu na injini haishiki. Fundi anasema, "Hii ni pampu imekufa, tafuteni ingine." Mweka hazina anatazama daftari na kuona michango ya miezi mingi ikiondoka kwa siku moja. Na kumbukeni nyanya hazingoji gari lipone.

Hapa Kawangware 46, mahali palipopata jina kutokana na matatu za namba 46, makanika wa jua kali ni wengi, na kuna walio hodari kweli. Hatuandiki haya ili mgombane nao. Tunaandika ili mnapokaa na fundi muwe na maswali ya kumuuliza, na mjue ni nini kichunguzwe kabla ya shilingi kutoka.

Swali la kwanza ni hili: ni nini kilichoguswa? Injini iliyoingia gereji ikiwaka haikufa yenyewe usiku. Mara nyingi shida iko pale mkono ulipopita: waya haukurudishwa, bomba halikukazwa, alama hazikulinganishwa. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi Jumatatu, tena haikufunguliwa, haina sababu kubwa ya kufa Jumatano. Basi mwambieni fundi ataje vitu alivyofungua, kimoja kimoja, na katibu aandike. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaongoza.

DIZELI INAWAKAJE?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ile ya petroli. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeonyesha injini yake ikifanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mwenye baiskeli amelihisi: ukijaza upepo, pampu inapata joto. Hewa ikibanwa inapata moto. Katika injini za zamani za Hiace, kama 2L na 3L, hewa hubanwa mpaka inabaki karibu sehemu moja kati ya 22, na joto lake hupita digrii 500. Nozo ikipuliza dizeli humo kama ukungu, inajiwakia yenyewe.

Kwa hivyo injini inataka mambo matatu tu. Izungushwe kwa kasi, hewa ibanwe vizuri, na dizeli ifike kwa wakati wake. Asubuhi ya baridi kule Limuru inataka na glo plagi zipashe joto kwanza.

TAZAMENI MOSHI

Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma atazame egzosi. Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Kama kuna moshi mweupe unaonuka dizeli, mafuta yanafika lakini hayawaki, na hapo mtafikiria glo plagi, taimingi, au hewa isiyobanwa. Kama injini inajaribu kushika na inatoa moshi mweusi mzito, angalieni njia ya hewa. Msicheke, lakini kitambaa kilichowekwa kuziba tundu la hewa wakati wa kazi husahaulika humo ndani!

HEWA KWENYE MAFUTA

Hili ndilo la kuanza nalo kama hakuna moshi, kwa sababu ndilo linalotokea zaidi na halina gharama. Ukibadilisha filta, ukifungua bomba, ukishusha tangi au pampu, hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Pampu inasukuma mafuta, lakini ikikuta hewa, ile hewa inabanwa na kuachia kama mpira, na nozo haifunguki. Unaweza kupiga stata mpaka betri ife.

Kutoa hewa, ambako mafundi wanaita kublidi, kunafanywa hivi kwenye injini za zamani. Juu ya filta kuna kipampu cha mkono. Legeza skrubu ya kutolea hewa, piga kipampu mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha kaza. Endelea kupiga mpaka kipampu kiwe kigumu. Halafu legeza kidogo nati za mabomba upande wa nozo, mtu apige stata, na mafuta yakianza kutoka kwa kila bomba, kaza moja baada ya nyingine. Mara nyingi injini inashika kabla hujamaliza ya mwisho. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kama 10 kwa mara moja. Ipumzishwe, la sivyo mtanunua na stata.

Onyo: usiweke kidole mbele ya nozo au bomba linalopuliza. Dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, pengine hakiumi, lakini mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa magari mapya yenye kompyuta ya injini, mabomba hayo yasilegezwe kabisa. Nguvu yake hupita mara elfu moja ya hewa ya kawaida, na kazi yake ni ya fundi mwenye mashine ya kuisoma.

Kama hewa inarudi kila mara, iko njia inayoiingiza. Tafuteni kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kiwekwe kabla ya pampu, mtazame kama povu linapita. Jaribio lingine zuri zaidi: wekeni dizeli safi kwenye mtungi mdogo, uninginizwe juu kuliko injini, na mpira kutoka mtungi uingie moja kwa moja kwa pampu. Gari likiwaka hivyo, pampu yenu ni nzima. Ubaya uko kwenye tangi, mabomba au filta. Jaribio hili linagharimu lita moja ya dizeli, na kila mweka hazina angepaswa kulidai kabla ya kusaini hundi ya pampu.

WAYA MMOJA

Kwenye pampu nyingi za aina hii kuna kitu kidogo cha umeme, solenoidi ya kuzimia. Ukifungua swichi inavutwa na kuruhusu dizeli, ukizima inafunga. Waya wake ukisahauliwa, au fyuzi yake ikiungua, gari halitawaka hata mfanye nini. Fungueni swichi bila kupiga stata na msikilize karibu na pampu: "tik". Kama hamsikii, mpimeni waya huo kwa taa ya majaribio kwanza.

Tukiwa kwenye umeme, kama injini ilishushwa, ulizeni kama waya wa athi kutoka injini hadi chesisi ulirudishwa. Stata ikizunguka kizembe hewa haipati joto, na betri inalaumiwa bure. Betri ya volti 12 isishuke sana chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata. Glo plagi nazo zinapimwa moja moja kwa balbu: toa kile kipande kinachoziunganisha, peleka umeme wa chanya kupitia balbu hadi kichwa cha plagi. Balbu ikikataa, hiyo imekufa.

KAMA BELTI AU HEDI ILIFUNGULIWA

Hapa mwende polepole. Injini ya 2L au 3L ina belti ya taimingi, na ikifungwa jino moja au mawili nje ya alama, dizeli inafika mapema mno au imechelewa. Ikiwa imekosewa sana, valvu inagonga pistoni. Kwa hiyo msikubali gari livutwe au lisukumwe ili "lishike tu". Fundi atoe kifuniko, azungushe injini kwa spana, mizunguko miwili kamili, na alama zote zirudi mahali pake mbele ya macho yenu. Nissan ya TD27 haina belti, ina gia, lakini alama zipo vile vile. Kama pampu ilishushwa, angalieni pia kama ilirudishwa kwenye alama yake ya zamani.

Hedi ikiwa ilifunguliwa, ulizeni gasketi ilichaguliwaje. Gasketi za dizeli huja kwa unene tofauti, kulingana na pistoni inavyochomoza. Nene kupita kiasi, hewa haibanwi. Nyembamba mno, pistoni inagusa. Kipimo cha kompresheni kitawaambia ukweli: injini hizi zikiwa nzima huonyesha karibu bar 30, na chini ya 20 haifai.

Wengine watawaambia mnyunyize petroli kwenye njia ya hewa. Kataeni. Glo plagi ikiwa na moto, hiyo ni hatari kwa injini na kwa uso wa mtu.

PAMPU IWE YA MWISHO

Pampu hufa, ni kweli, hasa kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayailainishi. Uchanganyaji ulizidi hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Lakini pampu ipimwe kwenye mashine na karatasi iletwe kwenye mkutano. Ikibadilishwa, ile ya zamani irudi kwa kikundi.

Gari likiwaka, liachwe lingurume dakika 15 huku mkitazama kila nati kama inalia mafuta. Msimlipe fundi salio siku hiyo. Lilaze gari, na asubuhi lipigwe likiwa baridi. Likikataa, lakini likawaka baada ya kupiga kipampu cha mkono, kuna mahali dizeli ilirudi kwenye tangi usiku. Anzeni na pete za shaba kwenye filta. Zile za zamani zilizorudishwa hazikazi vizuri, na mpya ni za bei ndogo.