KOMPYUTA YA NYUMBANI, POTI ZAKE NA RADI

Mkazi wa Nakuru anayajua mambo ya mwezi wa Aprili. Asubuhi jua linawaka kama pasi. Ikifika saa tisa wingu jeusi limeshatua juu ya Menengai, na kabla hujaanua nguo, ngurumo! Wingu hilo linaweza kuiua kompyuta ya nyumbani kupitia waya ambao hakuna aliyeushuku. (Najua walimu wangependa niseme tarakilishi. Wataniwia radhi, mafundi wa mjini husema kompyuta.)

Huenda ukauliza, kompyuta nyumbani ya kazi gani? Chukua boma la Kiamunyi au Bahati. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi, ndiyo maana baadhi yetu tuna meno ya kahawia. Basi watu hukinga maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, na ya kisima yakabaki ya kufulia. Ukiwa na matangi mawili, pampu, geti la umeme na mitambo ya sola, ni mengi ya kukumbuka. Kompyuta hata kuukuu itayakumbuka yote: itapima tangi, itawasha pampu, itazima taa.

Ili iongee na vyombo hivyo inahitaji poti za mfululizo, yaani yale matundu ya pini tisa nyuma ya mashine. Humo biti hupita moja moja, kama sisi tunavyoingia bwaloni kwa foleni. Utaratibu wake, RS-232, ulitolewa Marekani mwaka wa 1960. Ni wa kizee, lakini vipimo na inveta nyingi bado huuelewa.

Shida ni kwamba kompyuta za miaka ya 1990 kwa kawaida zilikuwa na poti mbili tu, na za kubebea za siku hizi hazina hata moja. Mashine kubwa huongezewa kadi yenye poti nne au nane. Ya kubebea hutumia kigeuzi cha USB, na hapo angalia sana: vigeuzi vya bei rahisi vikihamishwa tundu hubadilishiwa namba. Unaagiza pampu iwake, kumbe amri imekwenda kwa geti! Bandika kila kimoja jina lake na usikihamishe.

Sasa tuje kwa kinga, ambako wengi hupotea. Mtu ananunua soketi ya kuzuia umeme wa ghafla, anachomeka kompyuta, analala usingizi. Je, na ule waya unaotoka kwenye poti hadi kisimani, mita themanini? Kwanza RS-232 haikukusudiwa kupita kama mita 15. Kwa masafa hayo tumia RS-485, ambayo hufika hadi mita 1,200. Lakini waya mrefu, uwe wa aina gani, huokota nguvu za radi hata ikipiga mbali kidogo.

Tena kuna ardhi yenyewe. Wa kidato cha nne wakumbuke sheria ya Ohm. Radi ya kawaida huwa na takriban ampea 30,000. Ikipiga mti karibu na kisima, na ukinzani wa ardhi pale ni omu 10 tu, ardhi hiyo hupanda volti 300,000 ilhali ya nyumbani iko pale pale. Waya wako ndio daraja kati ya hizo mbili. Poti ya RS-232 imezoea volti 15!

Na udongo wetu wa volkano hautusaidii. Ni mwepesi, hukauka upesi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo fupi ya ardhi iliyopigwa wakati wa kiangazi ni pambo tu. Ipigwe ndefu, mahali penye unyevu, na vifaa vyote vya nyumba viungwe kwenye ardhi moja.

Kisha, pale waya unapoingia nyumbani, weka kizuizi cha kupeleka umeme wa ziada ardhini, halafu kitenganishi cha mwanga. Hiki kina taa ndogo upande mmoja na jicho la kuiona upande wa pili; habari huvuka kwa mwanga, shaba haigusani. Vingi huhimili volti elfu mbili au tatu. Radi ya moja kwa moja haviiwezi, asikudanganye mwuzaji. Mwenye uwezo anyooshe uzi wa kioo hadi kisimani, usio na shaba hata kidogo, au atumie redio. Asiye nao achomoe waya wa kisima wingu likianza kukusanyika, kabla ya ngurumo ya kwanza. Ikishaanza kunguruma asiuguse tena, maana mkono wake nao utakuwa daraja.