Vijisehemu vya Dirisha la Kompyuta

Bila shaka kila mmoja wenu amekwisha kubonyeza neno “Hifadhi” au “Ghairi” kwenye kompyuta au simu. Lakini ni wachache waliojiuliza kitufe kile hutoka wapi. Nami napenda kuwaeleza kidogo niliyojifunza katika chama chetu cha kompyuta.

Kitufe hicho ni kimojawapo cha vijisehemu viitwavyo wijeti. Wenzake ni kisanduku cha kuandikia, orodha ya kuchagulia, na kisanduku cha kutia alama ya vema. Mwenye kuandika programu hana haja ya kuvichora upya kila mara. Huvichukua vikiwa tayari, akavipanga dirishani, kisha akaeleza kila kimoja kifanye nini kinapobonyezwa. Ni kama seremala anunuavyo bawaba na komeo dukani: mlango ni kazi yake, ingawa bawaba hakuzifua yeye.

Mambo haya si ya jana. Mwaka 1973 wataalamu wa kampuni ya Xerox, mjini Palo Alto katika Marekani, walitengeneza kompyuta iitwayo Alto, yenye kioo cha kuonyesha picha na kipanya. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, ambayo ndani yake mlikuwa na vitufe na menyu tayari kwa waandishi wote wa programu. Faida ikawa mbili: mwandishi alipunguziwa kazi, na mtu aliyekwisha kujifunza programu moja hakupotea katika nyingine.

Hapa shuleni yalizuka mabishano tulipokuwa tukitengeneza ukurasa wa kuazimia vitabu vya maktaba. Baadhi ya wenzangu walisema kutumia vitu vya tayari ni uvivu, wakachora kitufe chao kwa rangi za kupendeza. Kweli kilivutia macho. Lakini darasani mwetu yumo mwenzetu asiyeona, ambaye hutumia programu ya kumsomea kwa sauti. Ilipofika penye kitufe kile programu ilinyamaza kimya, kwa kuwa kwake ile ilikuwa picha tu. Tulipoweka kitufe cha kawaida cha lugha ya HTML, alisikia jina lake na kuambiwa kwamba ni kitufe. Akakifikia kwa Tab, akabonyeza Enter, akaazima kitabu mwenyewe bila kumwomba mtu.

Basi kijisehemu kilichotengenezwa vizuri hakibebi sura tu, bali pia jina na kazi yake. Hata hivyo yafaa kukijaribu kwanza, maana kosa lililomo ndani yake huingia katika kila dirisha kinapotumika.

Ndugu zangu wa vidato vya chini, msione haya kutumia kilichokwisha kutengenezwa vema na wengine. Nguvu zenu ziwekeni katika lile ambalo bado halijafanywa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne