Sungura wawili katika banda moja: wanagombana au wanapendana?

Jioni moja, muda mfupi baada ya swala ya Alasiri, binti yangu alikuja mbio kutoka uani akilia kwamba sungura wa kijivu anamtafuna mwenzake. Nilipofika bandani nilikuta manyoya meupe machache yamenasa mdomoni mwa yule wa kijivu, na mweupe amejilaza kimya. Sikuchunguza zaidi. Nilimtoa niliyemdhania mkorofi, nikamfungia katika kreti mwisho wa ua, nikajiona nimehukumu kwa haki.

Kesho yake mweupe alijikunyata pembeni, matembele akayala kwa shida. Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa mifugo, alimkagua mwili mzima asione jeraha hata moja. Kisha akamuuliza binti yangu: kabla ya kung'atana walikuwa wakifanya nini? Mtoto akajibu kwamba walikuwa wakilambana.

Jibu hilo lilitosha. Sungura wa kufugwa asili yake ni sungura-mwitu wa Ulaya, anayeishi kwa makundi katika mashimo ya chini ya ardhi, na ndani ya kundi pana mkubwa na mdogo. Wawili waliozoeana hulambana paji la uso, kandokando ya macho na masikioni, mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki kwa urahisi. Anayetaka kulambwa huinamisha kichwa, akakisogeza chini ya kidevu cha mwenziwe na kutulia. Sisi wanadamu tukiona kichwa kimeinama tunadhani huyo ndiye mnyonge. Kwa sungura, mara nyingi mambo ni kinyume: mkubwa wa banda ndiye anayeinama kudai huduma.

Huduma ikichelewa, hubana kwa meno ya mbele. Mbano huo mdogo una maana zake: endelea, nipishe, au basi inatosha. Tena sungura huyatumia meno hayo kama kitana, akichambua manyoya yaliyosokotana na vipande vya nyasi, na kwa bahati mbaya ngozi ikaguswa. Aliyebanwa huruka hatua moja, pengine akalia kidogo, na baada ya dakika chache wamelala ubavu kwa ubavu. Kulala huko ndiko mzazi akutazame kabla ya kutoa hukumu.

Ugomvi wa kweli hauna kulambana ndani yake. Masikio hulazwa nyuma, mkia hunyanyuka, wanazungukana kwa kasi, manyoya yanaruka na meno hayaachii. Hapo watenganishe mara moja, ila kwa taulo nene au ubao, kamwe si kwa mkono mtupu. Kagua ngozi chini ya manyoya, kwa kuwa tundu dogo la jino huweza kutunga usaha. Vita hivyo huzuka zaidi wanapobaleghe, kati ya miezi 3 na 6, na madume wawili waliolelewa pamoja kwa amani huweza kugeukana ghafla. Wako wanaowahasi, jambo hilo wanazuoni wana kauli zaidi ya moja, basi mwenye kulitaka na amuulize shehe wake na daktari wa mifugo.

Kuna pia sungura anayemnyofoa mwenzake manyoya hadi ngozi ikaonekana, bila hasira yoyote. Huyo aghalabu ana uchovu wa kukaa bure au amepungukiwa nyasi. Muongezee nyasi na nafasi. Jike anayejinyofoa mwenyewe kifuani huenda anatandika kiota cha kuzalia. Na mpole aliyeanza kung'ata bila sababu inayoonekana huenda ana maumivu. Akigoma kula kwa nusu siku, usingoje kesho kumpeleka kwa daktari.

Kosa langu lilikuwa kuwatenga bila sababu. Sungura hujuana sana kwa harufu, na waliotengana siku kadhaa huweza kukutana kama wageni. Rafiki yangu alituagiza tuweke kreti kando ya banda, tubadilishane matandiko yao, kisha tuwakutanishe barazani, mahali ambapo hakuna anayepahesabu kuwa pake. Siku ya kwanza walikimbizana, tukawatenga tena. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki mbili, hadi adhuhuri moja yule wa kijivu alipoinamisha kichwa na mweupe akaanza kumlamba. Binti yangu aliita nyumba nzima ije kuona.

Yeye naye alikuwa akiumwa vidole mara kwa mara. Sungura huona pande zote, lakini kilicho chini ya pua yake hakioni vizuri, na kidole kinachopenyezwa kwenye waya hukidhania chakula. Sasa humfikia kwa ubavuni, akampapasa paji la uso. Kreti ile imebaki uani, na kuku anatagia humo.